Sauti ya Bibi kwenye Mashine Mbili

Kila jioni baada ya shule, Kaneza alifagia kibanda cha mjomba wake Pancras pale Nyakanazi, akafuta vumbi kwenye spika, kisha akakaa kuwawekea madereva wa malori nyimbo. Nyimbo kubwa alizipunguza ukubwa kwa programu, ili nyingi zienee kwenye kadi moja ya kumbukumbu. Kazi hiyo aliijua, tena alijua kwamba anaijua.

Jumatano moja mama yake, Benedicta, alileta simu iliyopasuka kioo. Ndani yake mlikuwa na sauti ya bibi, iliyorekodiwa wiki moja kabla hajafariki. Sehemu ya kwanza alisimulia alivyovuka mpaka akiwa na mtoto mgongoni. Ya pili aliwabariki wajukuu, mmoja mmoja kwa jina.

"Jumamosi tunaondoa matanga kule Mbuba," mama alisema. "Kila shangazi apate nakala. Angalia, mwanangu, sina nyingine."

"Mama nawe! Mimi tena?"

Sehemu ya kwanza aliipunguza kwenye kompyuta, akaisikiliza. Safi. Akaiweka kwenye kadi. Mara umeme ukakatika. Ya pili akaipunguza kwenye simu ya mjomba. Programu ni ileile, vipimo vilevile. Asikilize ya nini, na wateja wanangoja? Nayo akaiweka kwenye kadi ileile. Kisha akafuta zile za asili kila zilipokuwa, hata kwenye simu ya mama, apate nafasi ya kumwekea kwaya.

Jumamosi watu walikaa mikekani kusikiliza. Bibi akasimulia mpaka shangazi wakalia. Ikaja sehemu ya pili.

"Mjukuu wangu..." Spika ikakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye mawe. Halikusikika jina hata moja.

Binamu yake Sostenes akamnong'oneza, "Sema kadi mbovu. Nani atajua?"

Kaneza alimtazama mama yake, aliyekuwa ameinamia spika, bado anatega sikio.

"Mama, kadi ni nzima. Ni mimi. Nilitumia simu, sikusikiliza. Na ile ya asili nimeifuta."

Mama hakumpiga, wala hakumgombeza. Alizima spika tu. Hilo ndilo lililouma.

Kesho yake mjomba Pancras alihangaika na ile simu ya mama tangu asubuhi, asipate kitu.

"Programu ni moja," alisema kwa uchungu, "lakini prosesa, ule ubongo wa mashine, ya kompyuta si ya simu. Kila moja hupiga hesabu kwa njia yake. Mara nyingi sikio halisikii tofauti. Safari hii imesikia."

Shangazi Véronique, aliyemshika bibi mkono siku ile ya kurekodi, alikuwa ameyaweka maneno yote moyoni. Akakubali kuyasema upya. Kaneza alirekodi, akanakili, akasikiliza kila nakala mwanzo hadi mwisho, bila kufuta kitu. Zote zilitoka safi. Karibu na mwisho shangazi alisema, "Na wewe Kaneza, mwenye mkono wa kutunza, ubarikiwe."

Kaneza akaficha uso kwenye kanga ya mama.

"Umesema kweli mbele ya watu, na mimi nimekusamehe," mama alisema, akimpapasa kichwa. "Ila kweli haikuirudisha sauti ya mama yangu. Kazi unayoijua sana ndiyo ya kuikagua zaidi, mwanangu. Sikiliza kwanza. Kufuta kupo tu."

Kisha akairudisha nyuma ile sauti ya shangazi, wakaisikiliza tena wote wawili.