Kifaa Kilichozimika Juu ya Ndau

Krr, krr, krr. Mbuzi ya kukunia nazi ililia darini, kwenye jiko la juu ya paa la Bwana Obeid Bakr, kabla ya adhana ya alfajiri. Mtaa mzima wa Mkomani uliijua sauti ile. Ni Bi Hindu, mkewe, anatayarisha tui la mbaazi za kula na mahamri. Asubuhi hiyo sauti ilikatika kidogo, kisha ikaendelea.

Bwana Obeid aliporudi kutoka msikitini aliingia katika chumba chake cha kazi na kupiga ukelele. Tableti yake ya kuongozea ndege haikuwako.

Jua lilipopanda, Inspekta Mourine alikuwa amesimama katika chumba hicho. Alizaliwa bara, lakini Lamu ilikwisha kumfunza kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nyuma yake Koplo Patroba alikuwa anavaa glavu.

"Ilikuwa wapi?"

"Hapo, kidakani." Bwana Obeid alionyesha ukuta wa chokaa wenye vidaka vilivyopangwa vyombo vya kaure.

"Mlango wa chini?"

"Niliufunga nilipotoka kwenda kuswali. Nimerudi nikaukuta umefungwa vilevile."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Rubani wangu, Razan. Anakaa na bibi yake nyumba hii ya pili. Nilimpa ili achukue vitu vya safari hata nikiwa kule Shela, kwenye nyumba ya wageni."

"Na mlango wa darini?"

Bwana Obeid akamtazama kama aliyetukanwa. "Darini wapita wanawake, Inspekta. Ndia yao ya kutembeleana. Mwanamume gani wa Mkomani atapanda huko achungulie nyua za watu? Mlango ule haufungwi tangu enzi za babu yangu."

"Kwa nini Razan aibe kifaa anachofanyia kazi?"

"Hakipendi. Alisema jetini, pale zinapofunga mashua, mbele ya watu, 'Nitaitupa baharini kabla sijaruka nayo tena.' Muulize umtakaye. Leo nina wageni wa kwenda Kiwayu, na mawingu haya! Sasa wataendaje? Mfunge, Inspekta."

Koplo Patroba aliinama mbele ya kidaka na brashi yake ya unga.

"Afande, hakuna alama ya kidole hata moja. Kimepanguswa. Na kuna hili." Akanyoosha kidole kwenye bakuli dogo la kaure lenye maua ya buluu.

"Bakuli hili lilikuwa hapa jana, Bwana Obeid?"

"Jana palikuwa na tableti. Bakuli mimi sijui. Hayo mambo ya Hindu."

Mourine alilitazama bakuli kwa muda. Aliwahi kuona wezi waliovunja, waliomwaga, waliokula hata wali wa watu. Hakuwahi kumwona mwizi aliyefuta vumbi, kisha akaweka bakuli ili kidaka kisibaki kitupu.

Bi Hindu aliingia na kahawa. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa hatua, amejifunga leso nyekundu yenye michoro ya korosho nyeusi. Alimpa Inspekta kikombe, akampa Koplo, kisha akateremka kumpelekea askari aliyesimama nje mlangoni. Huyo hakuna aliyekuwa amemkumbuka.

Aliporudi Mourine alimuuliza, "Bi Hindu, alfajiri ulikuwa wapi?"

"Jikoni, darini."

"Umeona mtu amepita?"

"Sikuona mtu."

"Ulikuwa huko wakati wote?"

"Mtaa mzima umenisikia." Akakusanya vikombe, akatoka.

*

Razan alikuwa kituoni, amekaa wima, mikono mapajani. Alikuwa msichana mwembamba mwenye buibui na saa kubwa ya rubani mkononi.

"Ulisema utaitupa tableti baharini?"

"Nilisema."

"Umeiiba?"

"Sikuiiba. Ningetaka kuitupa ningeitupa mchana, yeye akitazama."

Patroba akaguna. "Punguza ukali, binti. Kesi ya wizi ikiandikwa, unajua leseni yako itakwenda wapi?"

"Najua. Nimeisomea kwa dhahabu za marehemu mama yangu. Bibi aliziuza zote, hakubakisha hata kipini." Macho yakamlengalenga, lakini kidevu hakikushuka. "Ndiyo maana siwezi kuwadanganya."

Mourine alivuta kiti karibu. "Nieleze mimi nisiyejua. Kina kosa gani kifaa kile?"

Razan alishusha pumzi. Ilionekana hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ndege yetu ni ya zamani, afande. Ina dira na saa zake za vipimo, basi. Nikiwa juu ya mawingu lazima niwe na GPS ya mkononi inayonionyesha nilipo na uwanja ulipo. Nilimwomba Bwana Obeid anunue ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege. Kioo chake kinasomeka juani. Ina antena yake, na betri ikiisha natia nyingine hukohuko angani. Ina vifungo vya kubonyeza, maana ndege ikitikisika kidole hakitulii juu ya kioo."

"Yeye akanunua nini?"

"Tableti. Ya watoto kutazamia katuni. Ameambiwa ramani ni ileile na kioo ni kikubwa zaidi. Nyumbani inafanya kazi vizuri, sikatai. Lakini chumba cha rubani ni kama tanuri. Juzi ilizimika juu ya kisiwa cha Ndau, mvua imetanda kote, nina abiria watatu nyuma."

"Ukafanyaje?"

"Nikashuka chini ya mawingu mpaka nikaona povu la mawimbi, nikafuata ufuo mpaka uwanja wa Manda. Niliposhuka nikamweleza Bwana Obeid. Unajua aliniambia nini? 'Kifunike kitambaa kibichi.'"

Patroba alitaka kucheka, akajizuia.

"Ukakataa kuruka tena?"

"Nilikataa pale jetini. Jana jioni nikakubali." Sauti ilishuka. "Alisema yuko rubani Malindi anayeingoja kazi yangu. Nikaona aibu kurudi kwa bibi mikono mitupu."

"Nani alijua kwamba umekubali?"

"Bibi. Nilimwambia uani, nikilia. Labda na majirani. Kwetu kuta ni nene, lakini nyua ziko wazi juu."

Mourine akasimama. "Koplo, mletee chai. Na mkate."

*

Bi Thuwaiba, bibi yake Razan, aliwapokea akiwa amekaa kitandani. Kitanda chenyewe kilikuwa sebuleni, chini kabisa, karibu na ua.

"Mumeya kunitwaa? Haya. Mimi ndimi mwizi," alisema kabla hawajaulizwa. "Mwachilieni mjukuu wangu. Kitu chenu kimo pipani, ndani ya mtele."

Patroba alizamisha mkono katika pipa la mchele, akatoa furushi. Ndani ya leso nyekundu yenye korosho nyeusi ilikuwamo tableti, nzima, haina hata mkwaruzo.

"Kwa nini kwenye mchele, bibi?"

"Kisipate unyevu. Ni mali ya mtu."

Mourine alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Ulikichukuaje?"

"Nilipanda dari, nikapita kwa Obeid, nikashuka, nikatwaa."

"Bi Hindu alikuwa wapi?"

"Sikumwona."

"Alikuwa jikoni. Usingeweza kumpita."

"Basi hakuniona yeye. Mato yake mabovu."

"Bibi, naomba usimame kidogo."

Bi Thuwaiba alimkazia macho. Kisha alishika nguzo ya kitanda, akajaribu. Magoti yalitetemeka kama yasiyo yake. Mourine alimdaka kabla hajaanguka, akamketisha taratibu na kumrudishia mtandio begani.

"Magoti haya hayajapanda ngazi siku nyingi."

"Nilipanda kwa hasira! Hasira ina nguvu, hujui wewe, bado kijana. Tia pingu!"

Mourine alitazama huku na huku. Pembeni palikuwa na sahani ya mahamri ya asubuhi ileile, bado laini. Katika nyumba hii jiko halikuwa limewashwa. Alitoka uani, akainua kichwa. Kutoka ukingo wa dari la Bwana Obeid ilining'inia kamba, na mwishoni mwa kamba kikapu kidogo cha ukili.

"Nani hukuletea chakula, bibi?"

Bi Thuwaiba aliifunika sahani kwa mtandio.

"Kila asubuhi Bi Hindu hukushushia kikapu, kwa kuwa wewe huwezi kupanda. Leo kimeshuka kizito kuliko siku zote. Na leso huuzwa jozi, bibi. Kipande cha pili nimekiona kiunoni mwake, pindo bado halijashonwa, sawa na hiki."

"Watu hugawana leso."

"Hugawana. Lakini mtu mwenye magoti haya hapangusi kidaka cha jirani na kutia bakuli."

Machozi yalimtoka ajuza, ya hasira zaidi kuliko huzuni. "Nilimwambia anyamaze. Mimi nimekwisha kuwa mzee, mutanifanyani? Yeye ana mume na nyumba. Asiguswe yule! Tangu nianguke hajanikosesha kifunguakinywa hata siku moya."

*

Adhuhuri Mourine alirudi kwa Bwana Obeid, tableti mkononi. Bwana Obeid aliinuka kwa furaha.

"Razan amekiri?"

"Razan hakuiba. Aliyekiri ni Bi Thuwaiba."

Bi Hindu, aliyekuwa anakunja nguo, aliziacha zikaanguka.

"Bibi yule?" Bwana Obeid alishangaa. "Basi sheria ni sheria. Mchukueni."

"Hamumchukui!" Sauti ya Bi Hindu haikuwa kubwa, lakini kila mtu aligeuka. "Hakuiba. Nimeiba mimi."

"Hindu! Nyamaza."

"Nimenyamaza tangu asubuhi, na imenitosha. Andika, Inspekta. Ulipokwenda kuswali, Obeid, niliacha nazi, nikashuka, nikakitwaa kidakani. Nikakitia kikapuni chini ya mahamri, nikakishusha kwa Bi Thuwaiba. Kisha nikarudi kukuna nazi."

"Uliniambia hukuona mtu," Mourine alisema.

"Sikuona mtu. Mtu alikuwa mimi."

Patroba alikohoa kuficha kicheko.

"Kwa nini, mke wangu? Umekosa nini kwangu?"

"Mimi sikukosa kitu. Jana nilikuwa darini naanua nguo. Nikamsikia mtoto wa watu analia kule uani, anamwambia bibi yake kesho ataruka na kifaa kilichomzimikia juu ya bahari. Yule nimembeba mgongoni, Obeid. Leo aende, asirudi, kisha mimi nishushe kikapu kwa Bi Thuwaiba nimwambie nini? Kula mahamri?"

"Ulisikia maneno ya mtoto. Kifaa ni kizima!"

"Tukione basi," alisema Mourine.

Walipanda ngazi. Chini ya mlango wa dari Bwana Obeid alisimama, akapaza sauti na uso umemwiva, "Hodi darini! Mwanamume apanda! Jifunikeni!" Madari ya jirani yakajaa vicheko na milango ya kufungwa. Sauti ya mwanamke ikajibu, "Karibu, Bwana Obeid, uje utusaidie kuanua!"

Mawingu ya asubuhi yalikuwa yametawanyika. Mourine aliwasha tableti, akaiegemeza kwenye ukuta wa jua, ramani ikionekana. Wakangoja. Bi Hindu alikunja mikono. Patroba alijifuta jasho.

Ramani ilififia. Likaja onyo kwamba kifaa kimepata joto kupita kiasi. Kisha kioo kikawa cheusi, na ndani yake Bwana Obeid akajiona uso wake mwenyewe.

"Tafuta kitambaa kibichi," Bi Hindu alimwambia.

Bwana Obeid alikibonyeza kifaa, akakibonyeza tena. Hakikuamka.

"Wewe ndiwe mlalamikaji," Mourine alisema. "Niandike mashtaka dhidi ya mkeo?"

"Aandike," alisema Bi Hindu. "Na aandike pia kwa nini. Nitayasema mahakamani kwa sauti hii hii, na ukikinunua kingine kama hiki nitakiiba tena."

Bwana Obeid alitazama upande wa Manda, kulikokuwa na ndege yake. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo.

"Watu watatu, Razan aliniambia. Nyuma yake."

"Na yeye mwenyewe wa nne," alisema Bi Hindu.

"Naondoa malalamiko."

"Vyema," Mourine alisema. "Lakini taarifa ya kifaa nitaiandika. Itafika kwa wakaguzi wa ndege."

*

Alasiri Mourine alimleta Razan nyumbani kwa miguu, kupitia vichochoro, bila pingu, ili kila aliyemwona akichukuliwa amwone akirudi. Bwana Obeid alikuwa anangoja mlangoni kwa Bi Thuwaiba, amekamata kofia yake mikononi.

"Chagua wewe kifaa," alimwambia Razan. "Nitaagiza hichohicho."

"Kitachelewa kufika."

"Kichelewe."

"Na mpaka kifike siruki. Hata ukimleta huyo wa Malindi."

"Usiruke." Akaigeuza kofia mikononi. "Nisamehe, mwanangu."

Razan aliinua macho kwenye jua. "Kikifika nitakijaribu juani kwanza," alisema mwishowe, "nawe utakaa pamoja nami."

Juu, kamba ilisogea. Kikapu kilishuka polepole kikiyumba, kikatua uani. Ndani mlikuwa na birika la kahawa na mahamri yaliyofunikwa, na juu yake vikombe vinne vilivyofungwa vizuri visivunjike. Bi Hindu alichungulia kutoka ukingoni. "Kimoja cha Inspekta!"

Mourine alikunywa kahawa akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda kilekile. Alipoinuka kuaga, Bi Thuwaiba alimshika mkono, hakuuachia.

"Wewe hukuniacha nianguke," alisema. "Uye tena, mwanangu. Uye siku ambayo hakuna aliyeiba kitu."