Sola Iliyovalishwa Pazia

Mama Vifaranga aliwatotoleshea majirani mayai. Mashine yake ilikaa chumba cha nyuma, kando ya cherehani ya mumewe. Ilikuwa sanduku la mbao lenye balbu mbili, feni ndogo na kipimajoto. Yai hukaa humo siku ishirini na moja. Likipoa kwa saa nyingi, kifaranga hufia ndani.

Mwezi ule umeme wa gridi ulikatika kila siku. Mke na mume wakanunua paneli ya sola na betri. Siku tatu mambo yalikwenda sawa. Siku ya nne, saa nane mchana, jua likiwaka, betri ikaisha. Sandukuni mlikuwa na mayai tisini ya wifi yake. Yalikuwa na siku kumi na nane.

"Kipimajoto kinashuka," alisema Mama Vifaranga. "Dada yako atanila nyama."

"Dada yangu humjui. Atakula na mifupa."

"Lete blanketi, acha mdomo!"

Wakalifunika sanduku, wakaacha matundu ya hewa. Kisha wakamwita jirani yao, mama mmoja fundi umeme. Alipanda ngazi, akachungulia paani. Akacheka mpaka ngazi ikatikisika.

"Shemeji, nani kamweka bibi harusi huku juu?"

Mume alikohoa. Alikuwa ameishonea paneli pazia jepesi lenye lesi pembeni. Nyumbani kwao kila kitu cha thamani kilivaa: redio, makochi, hata mtungi wa gesi.

"Vumbi, shemeji. Na pazia lenyewe linapitisha mwanga."

"Linapitisha nusu. Paneli inakula mwanga, haili huruma. Na tangi hili la maji linaitia kivuli. Vumbi lifute asubuhi, paneli ikiwa baridi, kwa maji na kitambaa laini."

Wakaivua paneli pazia, wakaihamishia pasipo na kivuli. Baada ya nusu saa balbu ziliwaka.

"Hii gridi imepatwa na nini?" aliuliza Mama Vifaranga.

"Umeme wetu mwingi unatoka kwenye mabwawa. Mvua imegoma, maji yameshuka, mitambo mingine imezimwa. Na watumiaji tunaongezeka. Chungu kimoja, vijiko mia."

"Basi nchi nzima ikae gizani?"

"Kwa nini? Jua tunalo. Upepo milimani unang'oa mabati. Hata mavi ya ng'ombe yanatoa gesi ya kuendesha jenereta. Tunavuna kidogo mno. Tukivichanganya, kimoja kikipungua kingine kinashika. Na nyinyi fanyeni hivyohivyo: gridi ikiwepo, itumieni. Ikikatika, betri ishike."

"Na pasi yangu niiunge kwenye betri?" aliuliza mume.

"Thubutu! Pasi inakunywa kuliko mlevi. Ingoje gridi. Betri yaachie mayai."

Gridi ilikatika tena kesho yake, na keshokutwa pia. Balbu za sanduku hazikuzimika.

Siku ya ishirini na mbili tangu mayai yawekwe sandukuni, wifi alikuja na boksi lake. Alihesabu vifaranga mara mbili, midomo ikimchezacheza.

"Themanini na mmoja. Hao tisa wako wapi?"

"Wifi, hata kuku mwenyewe haangui yote."

Wifi alilifunga boksi polepole.

"Jumamosi naleta mia."

"Lete tisini," alisema Mama Vifaranga. "Sanduku halina nafasi zaidi."