Chuma cha Mtaroni Matisi

Wakiuru, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye wengi humwita Mama Gathoni, alikutwa mtaroni Matisi, pembeni mwa Kitale, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yu hai, mkono wake wa kulia umesagika kuanzia kiwiko kwenda chini. Gari lililomgonga kwa nyuma halikusimama. Inspekta Chelimo alifika kabla ya ambulensi. Akamfunga mkono kwa skafu yake mwenyewe, kisha akaanza kuikagua barabara.

Alama za breki hazikuwapo. Kwenye majani aliokota kipande cha chuma cha urefu wa kiganja, upande mmoja kimekatika, upande wa pili kimechomelewa kwenye bamba. Akakitia katika mfuko wa vielelezo.

Siku mbili baadaye dereva mmoja aitwaye Dancan alijileta kituoni Kitale na pikapu yake, taa moja imevunjika.

"Ni mimi, madam. Nilishikwa na usingizi."

"Ulikuwa unatoka wapi?"

"Endebess. Nilibeba viazi."

"Ulipomgonga ukafanya nini?"

"Niliogopa, nikaenda."

"Na leo uoga umeisha?"

Dancan akatoa leseni na cheti cha bima, akaviweka mezani.

Bima yake ilikuwa halali. Konstebo Eliakim alitaka faili lifungwe. Lakini wakili wa Wakiuru alikuwa amepiga hesabu: bima ile haiwezi kulipa zaidi ya milioni tatu. Matibabu, mkono wa bandia na miaka ya kazi iliyobaki vilifika mara mbili ya hizo. Kilichozidi angepaswa kukitoa Dancan mwenyewe, na Dancan alikuwa na pikapu kuukuu na chumba cha kupanga.

"Kwa hivyo ndio imeisha hivyo?" Wakiuru alimuuliza Chelimo wodini. Mkono ulikuwa umekatwa. "Nimesomesha watoto watatu na huo mkono, afande. Sitaki kuhurumiwa. Nataka haki yangu yote."

Chelimo alikuwa mama wa wanne, akamwelewa; ila jambo moja lisilolingana lilimnyima raha. Pikapu ya Dancan haikuwa na chuma chochote mbele. Akakitoa kile kipande.

"Unakijua hiki?"

Wakiuru akakipokea kwa mkono wa kushoto, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii nilichomelea mimi."

"Usibahatishe, Mama Gathoni. Kitale ina mafundi wangapi?"

"Wengi. Wanaanzia juu wakishuka, chuma inabaki na matundu. Mimi naanzia chini napanda, na kwa kona narudia mara ya pili. Ona hapa. Wengine hawarudii, ati ni kuharibu rodi za kuchomelea." Akamrudishia. "Na uangalie vizuri. Kilichokatika ni chuma. Mshono wangu haujaachia."

Alisema hivyo kama mtu anayeonyesha cheti chake.

"Ulimtengenezea nani?"

"Bamba nene hivi niliweka kwa lori moja tu. Vyuma vya kukinga taa. Lori ya Kimotho, yule wa mahindi, anakaa Bungoma."

Alasiri hiyo hiyo Chelimo na Eliakim walikuwa uani kwa Kimotho, karibu na Kibabii, nje ya mji wa Bungoma. Lori lilikuwa na vyuma vipya mbele.

"Karibu chai, madam," Kimotho alisema.

"Chai baadaye. Vyuma vya zamani viko wapi?"

"Niliuzia watu wa vyuma chakavu."

"Lini?"

"Ni kitambo."

Chelimo akagusa vile vipya, akamwonyesha kidole. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Eliakim akatokea nyuma ya ghala akiburura fremu iliyopinda. "Ilikuwa chini ya magunia, afande."

Chelimo akaweka kipande chake penye pengo. Kikakaa bila kusukumwa.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Dereva wangu."

"Dereva wako alikuwa mazishini Kapsokwony tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Nimeongea kwa simu na pasta aliyezika. Jaribu tena, mzee."

Kimotho akakaa juu ya gunia la mahindi.

"Ni mimi. Nilikuwa nasoma ujumbe kwa simu."

"Na Dancan?"

"Nilimwahidi kumwandika kazi ya lori. Taa yake tulivunja hapa hapa kwa nyundo."

"Lori lako lina bima. Ulikuwa unaficha nini?"

"Bima ni ile ile, madam. Ikifika mwisho, korti inauliza aliyegonga ana nini. Dancan hana kitu cha kupigwa mnada. Mimi nina malori matatu na shamba Endebess. Nimeyatafuta miaka thelathini."

"Naye alikuwa na mkono," Chelimo alisema. "Eliakim, pingu."

Kesho yake alipeleka maelezo mapya wodini, jina la Kimotho likiwa penye nafasi ya mshtakiwa. Akafungua kidau cha wino wa kuwekea dole gumba.

"Nipe kalamu," Wakiuru alisema.

"Dole linatosha kisheria, mama."

"Mimi nimesoma, afande."

Akaanza kuandika jina lake lote kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, zikiegemeana. Chelimo alisimama wima kando ya kitanda, mikono mgongoni, mpaka Wakiuru akamaliza.