Picha Zilizomnyamazisha Chiriku

Wazazi wenzangu, sogeeni karibu, maana jambo hili si la kusemewa mbali. Na wewe mwalimu uliyejibanza nyuma, njoo. Linakuhusu.

Kulikuwa na nyumba moja yenye amani yake. Haikuwa nyumba ya matajiri. Ilikuwa na sebule, vyumba viwili vya kulala, na mbele, upande wa barabarani, chumba kidogo ambacho mama mwenye nyumba alikigeuza karakana ya kushonea sare za shule. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji, mtu mpole wa maneno machache. Maneno yote ya nyumba ile aliyachukua binti yao wa pekee, mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Akirudi shuleni alijitupa juu ya gunia la mabaki ya vitambaa na kuisimulia siku nzima: nani kasinzia darasani, mwalimu gani kavaa soksi zisizofanana, nani kamnunia nani. Mama anashona, baba yuko mlangoni na kikombe cha chai, anacheka mpaka anapaliwa.

"Hivi mwanangu, wewe huchoki?" mama alikuwa akimuuliza.

"Nichoke na nini, mama, na mdomo ni wangu?"

Basi wote wanacheka. Ungepita pale nje ungewaonea wivu.

Hata hivyo, kuna jambo moja halikuwahi kuzungumzwa katika karakana ile. Chiriku alipovunja ungo, mama yake alimpa pakiti ya pedi na maneno haya: "Sasa umekuwa mkubwa. Mwanamume akikugusa tu, una mimba." Kisha akarudi kwenye cherehani yake. Msimcheke. Wangapi kati yetu tuliambiwa zaidi ya hayo?

Mwaka huohuo msichana wa nyumba ya pili alifariki. Alipata mimba, akaenda kwa siri kuitoa kwa mtu asiye daktari, na hakupona. Mama Chiriku ndiye aliyemshonea sare tangu akiwa mdogo, na sketi yake ya mwisho ilikuwa bado inaning'inia karakanani, haijachukuliwa. Mama yule alilia siku nyingi. Kila alipomtazama binti yake alishikwa na hofu ya kifuani, hofu ambayo kila mzazi wa binti anaijua. Kwa hiyo alipopita bwana mmoja nadhifu, mwenye kikundi cha kutetea uhai wa watoto ambao hawajazaliwa, Mama Chiriku alimpokea kwa mikono miwili. Tumwite bwana huyo Mhamasishaji, maana ndivyo alivyopenda kuitwa.

"Maneno huingia sikio hili yakatokea lile," Mhamasishaji alimwambia. "Picha ikishaingia haitoki." Akafungua kompyuta yake pale mezani akamwonyesha picha za mimba zilizotolewa, alizotaka wasichana wa shule wazione.

Fundi wa mafriji alikuwa anakula. Alitupia jicho mara moja, akasukuma sahani.

"Mama Chiriku," alisema mgeni alipoondoka, "mimi mtu mzima chakula kimenishinda. Hao watoto je?"

"Bora waogope kuliko wafe."

"Anayeogopa hufanya lolote, mke wangu."

"Wewe kashughulike na mafriji yako."

Mzee wa watu akanyamaza. Naye ana lake la kujibu, kwa sababu aliliona jambo akaliacha lipite ili amani ya nyumba isivurugike.

Mama Chiriku alifahamika shuleni kwa ajili ya zile sare. Alimwendea mkuu wa shule, akasema naye vizuri, siku ikapangwa. Hakumwambia Chiriku chochote. Alitaka mwanawe azipokee picha zile kama wenzake wote.

Siku yenyewe wasichana waliingizwa ukumbini, madarasa matatu kwa pamoja. Mapazia yakashushwa, milango ikafungwa. Mama Chiriku mwenyewe alisimama mlangoni asitoke mtu. Kikundi kile kilikuwa na utaratibu wake: anayeinamisha kichwa anaambiwa akiinue, anayefumba macho anaguswa begani. Na hapakuwa na maswali. Mwalimu wa baiolojia alipoomba apewe nafasi kidogo mwishoni awaeleze watoto jinsi mwili unavyofanya kazi, Mhamasishaji alitabasamu. "Maswali hupoza moto, mwalimu."

Kilichoonyeshwa kwenye ukuta ule sitawaeleza. Nikieleza nitakuwa nafanya kosa lilelile ninalolikemea. Toshekeni na hili: ilikuwa picha ya damu, kubwa kuliko mtu, tena ilikaa pale ukutani muda mrefu. Na sauti ya Mhamasishaji ilikuwa ya upole ajabu. "Wengine humeza vidonge tu," alisema. "Vidonge vidogo, vya kununua dukani. Halafu hutokwa na hiki mnachokiona. Huyu aliyefanya hivi ni muuaji, na anajua kwamba ni muuaji. Huenda amekaa hapa."

Msichana mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Mwingine alitapikia kiganja chake. Mama Chiriku alimtafuta binti yake kwa macho akamwona safu ya nne, ameketi wima, hapepesi macho. Moyo wa mama ukamsukuma aende kumshika. Akauzuia.

Taa zilipowashwa hakuna aliyekohoa. Mhamasishaji alimnong'oneza, "Unausikia ukimya huo? Ujumbe umeingia." Tangu siku hiyo Mama Chiriku akawa na kipimo chake: watoto wakinyamaza, wameelewa.

Nyumbani nako ukimya ukaingia. Chiriku alirudi akapita moja kwa moja chumbani. Kesho yake hivyohivyo. Baba alikaa mlangoni na chai yake, hana wa kumchekesha.

"Huyu mtoto ana nini?" aliuliza.

"Amekomaa," mama alijibu. "Hukutaka akomae?"

Lakini usiku taa ya chumba cha Chiriku haikuzimwa. Nyama aliisogeza pembeni ya sahani. Mama alipita jikoni akamkuta ananawa mikono, akarudi baadaye akamkuta bado ananawa. Wiki zikapita. Halafu gunia la mabaki ya vitambaa likaanza kupungua. Mama Chiriku alidhani panya, kisha akadhani mtoto anashona mito. Aliliona likinywea akaenda kupima watu sare. Kikundi kilikuwa kimepata shule nyingine mbili, na kila mahali alikuwa ndiye mlinzi wa mlango.

Na Chiriku? Chiriku alikuwa anatokwa na damu. Hedhi yake ilianza wiki ile ya ukumbini, ikakataa kukoma. Ilikuwa nyingi, yenye mabonge, na mabonge yale alikuwa ameyaona ukutani. Akakumbuka kwamba siku chache kabla ya picha tumbo lilimsokota, akameza vidonge vya maumivu, vidogo, vya kununua dukani. Akakumbuka mvulana wa kwaya aliyemshika mkono wakivuka barabara penye magari mengi. Mwanamume akikugusa tu, una mimba. Mtoto akajumlisha mwenyewe, peke yake, kitandani, taa ikiwaka. Jibu alilopata ni kwamba alikuwa na mtoto tumboni na amemuua.

Angemwambia nani? Mama ndiye aliyesimama mlangoni.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Alificha vitambaa vilivyolowa chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa plastiki, akavichoma wazazi walipotoka. Akawa anapanda ngazi za shule huku ameshika ukuta. Midomo ikapauka. Alipoulizwa alisema ni mtihani.

Siku ya siku ikafika, mchana kweupe. Mama alimwita karakanani amjaribishe sketi mpya. Alipiga magoti mbele yake, pini midomoni, akaona kwamba sketi aliyoipima juzijuzi inamzunguka kama ya kuazima. Akainua uso aseme neno, akaona mstari mwekundu unashuka kwenye mguu wa binti yake, unaingia kwenye soksi.

Chiriku aliuona pia. "Nisamehe, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Sikumuua kusudi."

Pini zilimdondoka mama mdomoni. Na hapa, ndugu zangu, ndipo ninapotaka kila mzazi asikilize. Mtoto amesimama mbele yake anamwaga damu, uso umepauka kama majivu, na neno la kwanza la mama halikuwa "msaada". Neno la kwanza lilikuwa, "Ya nani?"

"Mama, naona giza."

"Nakuuliza, mimba ya nani?"

Chiriku akaanguka. Aliangukia lile gunia lililonywea, na kwa kuwa halikuwa na kitu ndani, kichwa kiligonga sakafu. Hapo ndipo mama alipopiga ukelele. Fundi wa mafriji alikuja mbio, akambeba mwanawe, akashtuka jinsi alivyokuwa mwepesi. Jirani mwenye gari akawasha. Njia nzima mama alimpakata, akimpigapiga mashavu, akisema fumbua macho, fumbua macho mwanangu. Yale macho yalifumbuka mara moja tu.

"Mama," Chiriku alisema, "mtanipiga picha?"

Mama hakuelewa. "Picha gani?"

"Za ukutani. Usiwaonyeshe uso wangu."

Mama alimfunika mtoto uso kwa mkono wake, kana kwamba kuna mtu nje ya gari anayemtazama, mpaka hospitali.

Walimchukua kwa kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa, na safari hii Mama Chiriku alikuwa upande wa nje. Baba alipelekwa kutolewa damu ya kumwongezea mwanawe. Mama alikaa kwenye benchi la korido, nguo yake imekakamaa kwa damu ya mwanawe. Kila mlango ulipolia alisimama, kila muuguzi alipopita alimsoma uso. Alimwomba Mungu. Alimwahidi kila kitu. Akaogopa hata kuomba, asije akasikika na kukumbushwa aliyoyafanya.

Daktari alipotoka, alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka.

"Yuko hai," alisema. "Damu ilibaki kidogo mno. Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine."

"Na mimba, daktari?"

"Mimba ipi?" Daktari alimtazama. "Binti yako hana mimba, hakuwahi kuwa nayo. Hajajuana na mwanamume. Hedhi yake imevurugika, jambo ambalo huwapata wasichana wengi wa umri wake. Angekuja mapema, tungempa dawa akarudi darasani. Kwa nini hakusema?"

Mama Chiriku aliomba aingie kumwona mwanawe.

Chiriku alikaa hospitali wiki mbili. Siku aliyoweza kuketi, mama alimshika mkono akamweleza yote, polepole, yale aliyopaswa kumweleza siku ya ile pakiti ya pedi: mimba huingiaje, hedhi ni nini, mkono wa mvulana hauna dhambi wala mtoto. Mtoto alisikiliza. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo hakuna niliyemuua?"

"Hakuna, mwanangu. Mimi ndiye niliyekaribia."

Mhamasishaji alikuja na matunda. Alisikitika kwa dhati, sikatai. Lakini alipokuwa anaaga alisema, "Hata hivyo, mama, binti yako hakuwa na mimba. Picha zile hazikumlenga yeye."

"Ndiyo shida yenyewe," Mama Chiriku akamjibu. "Hukumjua hata mmoja kati ya waliokaa mbele yako. Mimi nilimjua mmoja, nikamfungia mlango."

Alirudi shuleni akiwa na mwalimu wa baiolojia na muuguzi. Mapazia yalikuwa wazi, milango wazi. Alisimama mbele ya wasichana walewale, akawaambia bado anaamini uhai ni amana, tena wa mama na wa mtoto, na kwamba siku ile aliwakosea. Kisha akasema wanaruhusiwa kuuliza lolote. Kimya. Kimya kile alichokuwa akikifurahia sasa kilimtisha kuliko kitu chochote. Mwishowe mkono mmoja uliinuka safu ya nyuma.

"Ni kweli ukishikwa mkono na mvulana unapata mimba?"

Hakuna aliyecheka. Mama Chiriku alitazama ukumbi mzima akaona nyuso zote zimeinuka, zinasubiri jibu.

MAFUNZO

Hadithi hii haigombani na anayetetea uhai. Atetee, ni haki yake na ni jambo zito. Inagombana na anayewafungia watoto mlango na kuwamwagia damu machoni bila kujua wamebeba nini moyoni. Hofu haimzuii mtoto kuingia shimoni. Inamzuia kupiga kelele akishaingia. Msichana wa nyumba ya pili alikufa kwa siri, na Chiriku alikaribia kufa kwa siri; mmoja alikuwa na mimba, mwingine hakuwa nayo, na wote wawili waliogopa watu walewale waliowapenda.

Mfundishe mtoto mapema, kwa maneno yaliyonyooka. Mwache aulize. Na chochote atakachokuletea, hata kiwe cha kutisha vipi, mshike kwanza, maswali baadaye.

Chiriku amerudi shule. Anaongea, ila si kama zamani, na taa ya chumba chake bado huwaka mpaka asubuhi. Baba yake hukaa mlangoni na chai, anasubiri.

Leo ukifika nyumbani, kaa na binti yako umuulize anajua nini na anaogopa nini. Akinyamaza, usifurahi.