Vidole vya Salomea

Sogeeni jikoni penye moto, wanangu, na kila mtu aweke mikono mapajani niione.

Mambo yalianza na kijiko. Siku ya tisa tangu wamzike kaka yake Hieronim, Petronela alikuwa mezani mchana, wanakunywa supu ya bitiruti, akasikia kijiko cha mtoto kinagonga sahani. Ti-ti-ti. Ti-ti-ti. Mtoto ndiye Salomea, nyumbani wakimwita Salcia, binti wa marehemu, miaka minane, na wala hakuwa anatazama sahani. Alikuwa anatazama theluji nje, na vidole vya mkono wa kushoto vinatembea juu ya kitambaa cha meza kama kaa.

"Salcia, tulia. Chakula hakichezewi."

"Sichezi, shangazi. Vinakwenda vyenyewe."

Sasa huyo Hieronim hakuwa mpigaji wa harusini. Kinanda alikipiga Vienna, akakipiga Paris, wanawake wa marinda ya hariri wakagombania glavu zake mpaka zikachanika vipande. Akipiga kwa hasira nyuzi zinakatika. Akikunjua mkono, unashika funguo kumi na mbili, mtu mwingine anaishia tisa. Akarudi kwao Lublin na kifua kibovu, anatema damu kwenye leso, huku anatunga wimbo mmoja mkubwa kuliko zote. Kifo kikamkuta hajaumaliza.

Na ugomvi ulizaliwa saa ileile alipokata roho. Kwao mtu akifa dirisha linafunguliwa hapohapo, roho ipate njia. Petronela akaenda kufungua. Wifi yake Eufrozyna, mjane mwenyewe, akamzibia.

"Thubutu! Baridi yote hiyo? Kinanda kitaharibika sauti!"

"Wifi, kaka yangu anataka kutoka."

"Kaka yako alikilinda kinanda hiki kuliko mapafu yake. Wewe unajua nini cha kinanda? Hata kengele ya mbuzi hujui kuitikisa!"

Petronela akanywea. Alikuwa mwanamke asiyeolewa, anakula mkate wa nyumba ya watu, na mtu wa hivyo hajui kusukuma. Dirisha likafunguliwa kesho yake, jua limeshapanda. Roho ilikuwa imeshajitafutia pa kukaa.

Wiki ya pili mtoto akainuka kwenye supu, akaenda kuketi kwenye kinanda. Salomea huyu hakuwahi kujifunza, baba yake mwenyewe alisema ana mikono ya kukamulia ng'ombe. Akapiga. Akapiga ule wimbo wa marehemu tangu mwanzo, na chumba kikajaa harufu ya kafuri na ya leso zile zenye damu, ambazo Petronela alizichoma kwa mkono wake. Wimbo ulipofika pale alipoishia baba, haukusimama. Ukaendelea.

Eufrozyna akapiga magoti. "Ni yeye! Tazama bega linavyopanda! Mume wangu amerudi!"

"Wifi, tazama mkono," Petronela akanong'ona. "Mkono wa mtoto."

Mkono ulikuwa unashika funguo nane. Jumapili ukashika tisa. Jumapili ya pili kumi, na ngozi katikati ya vidole imepasuka kama kisigino cha kiangazi, na usiku mtoto analia mifupa inamvuta.

Petronela akamleta bibi Hapka kutoka kijijini, mganga anayetibu kwa kunong'ona dua. Hapka akayeyusha nta, akaimimina kwenye bakuli la maji juu ya kichwa cha mtoto. Nta ikaganda. Hapka akaitazama, akaifunika upesi kwa aproni.

"Huyu anasikia neno la mtu mmoja tu, yule aliyemzuia," akasema polepole. "Mkewe amwambie, nenda. Mara tatu, kwa jina lake."

Eufrozyna akacheka, machozi yanatoka. "Niwe mjane mara ya pili, tena kwa mdomo wangu?"

"Mtoto atakwisha, mama."

"Mtoto hajawahi kupiga vizuri hivi!"

Basi siku hiyohiyo, wifi mtu alipokwenda kanisani, Petronela akamfunga mtoto shali, akamtia kwenye sleji ya jirani, lile gari la kuteleza juu ya theluji, wakimbilie kwa binamu yao shambani, ambako hakuna kinanda hata filimbi. Farasi wakakimbia, theluji inawapiga usoni, naye Petronela amemkumbatia mtoto, anahisi chini ya shali vidole vinapiga mapaja yake, kwanza taratibu kama mvua ya kwanza kwenye bati, kisha kwa nguvu, kisha kwa hasira, na alipojaribu kuvishika vikamshinda, vikahamia kwenye ubao wa sleji, ubao mkavu wenye vibanzi, vikagonga na kugonga mpaka kucha moja ikabanduka, ikafuata nyingine, na damu ikachirizika ubaoni, na vidole havikosei, havipumziki, vinatafuta sauti pasipo na sauti.

"Shangazi," mtoto akasema, midomo myeupe. "Kwenye kinanda hainiumi hivi. Nirudishe."

"Vumilia, mwanangu. Tunakaribia."

"Hatanyamaza. Ananiambia atavivunja mpaka apate sauti. Nirudishe, nakuomba."

Petronela akatazama mbele, moshi wa nyumba ya binamu unaonekana kabisa. Akatazama ubao. Mfupa mdogo wa kidole ulikuwa umetokeza, mweupe.

"Geuza farasi," akamwambia mwenye sleji.

Nyumbani Eufrozyna alikuwa amesharudi kutoka kanisani. Alikuwa ameshafunua kinanda. Na ni Petronela mwenyewe, kwa mikono yake miwili, aliyekisogeza kiti na kumketisha mtoto. Vidole vikagusa funguo. Damu ikaingia katikati ya funguo hizo za pembe nyeupe za ndovu. Mtoto akavuta pumzi ndefu, akageuza uso, akamtazama kwa macho makavu, akatabasamu.

"Ahsante, Petrunia," akasema.

Petronela akashika ukuta. Jina hilo hakuna aliyelijua katika nyumba ile. Alimwita hivyo mtu mmoja tu, tangu wakiwa watoto, na mtu huyo walikuwa wamemzika.

"Salcia?" akaita. "Salcia, mwanangu?"

Wimbo ukaanza. Salcia hakuitika siku ile, na hakuitika tena.