Mbuzi Aliyepanda Mtumbwi

Xaveri na mkewe Kunigunda wanaishi Lundo, karibu na Ziwa Nyasa. Xaveri ni mvuvi. Kunigunda analima mihogo na kuanika usipa, wale dagaa wadogo wa ziwani. Binti yao Beata ana miaka minane. Yuko darasa la pili.

Xaveri alitaka Beata afaulu. Alimnunulia kitabu kinene cha maswali ya mitihani. Kila alasiri alimsomea ukurasa mmoja, kisha Beata akaurudia. Siku moja Beata alikuwa akisoma vizuri, bila kukwama. Upepo ukafunua ukurasa mwingine. Beata akaendelea na maneno yaleyale ya ukurasa wa kwanza.

Ndipo Xaveri alipojua kwamba mtoto hasomi. Alikuwa amekariri tu.

Xaveri aligomba. Akamkataza Beata kucheza mpaka ajue kusoma. Tangu siku hiyo, Beata akikiona kile kitabu alichukua ndoo na kwenda kuchota maji bila kutumwa. Mitungi ilijaa, lakini kusoma hakukuendelea.

Kunigunda alimshawishi mumewe waende shuleni kwa Mwalimu Aurelia, mama mtu mzima anayefundisha madarasa ya chini. Walimwamkia, wakamweleza yote. Mwalimu alikipokea kile kitabu, akakifunua, kisha akamuuliza Xaveri alipenda kitabu gani alipokuwa mdogo.

Xaveri alitabasamu. Alisema kwao kulikuwa na kitabu cha fisi aliyeshona suruali. Dada yake alimsomea mpaka jalada likatoka.

"Kilikuwa kinene kama hiki?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana. Kilikuwa chembamba kama daftari. Picha zilikuwa nyingi." Xaveri alikitazama kile kitabu kinene. "Nimeelewa, Mwalimu."

Mwalimu Aurelia akawaeleza. "Hiki ni cha kumpima anayejua kusoma. Beata bado anajifunza. Mpeni hadithi fupi, yenye herufi kubwa na picha zinazoonyesha kinachotokea. Iwe na mambo anayoyajua, au ya kumchekesha. Akikwama kwenye maneno matano katika ukurasa mmoja, kitabu hicho bado ni kigumu kwake. Tafuteni chepesi zaidi. Na mwacheni achague mwenyewe."

Kunigunda aliinamisha kichwa. Alisema yeye hakuwahi kuwa na kitabu cha hadithi. Aliacha shule darasa la tatu, na kusoma amejifunza tena ukubwani.

"Nasoma kwa kusitasita, Mwalimu. Naogopa mwanangu atanicheka."

"Soma hivyohivyo, Mama Beata. Akikuona unajaribu, naye atajaribu."

Mwalimu alimwita Beata, akafungua sanduku la vitabu vya kuazima. Beata alivipekua kwa muda mrefu. Mwishowe akachagua hadithi ya mbuzi aliyepanda mtumbwi bila ruhusa.

Kuanzia siku hiyo, kabla ya jua kuzama, mama na mtoto walikaa mkekani na kusoma pamoja. Kwanza walitazama picha na kukisia kitakachotokea. Kisha Kunigunda alisoma huku akifuata maneno kwa kidole.

Siku ya tatu alisoma, "Mbuzi akapika kasia."

Beata aliusogelea ukurasa. "Mama, hiyo ni ga, siyo ka. Akapiga kasia."

Kunigunda alitazama tena. Kweli, ilikuwa ga. Akaanza kucheka, na Beata akacheka mpaka akalala chali. Xaveri, aliyekuwa akishona nyavu, aliacha kazi akaja kuona picha. Beata hakuwa amekariri neno lile. Alikuwa amelisoma.

Walimaliza kitabu hicho, wakaazima kingine. Baada ya miezi mitatu wazazi walirudi shuleni, na Mwalimu Aurelia alimpa Beata kitabu ambacho hakuwahi kukiona. Beata alisoma polepole. Alikwama mara moja, akaunganisha silabi, akaendelea hadi mwisho wa ukurasa. Xaveri alimpongeza mbele ya wanafunzi wenzake.

Siku hiyo Kunigunda naye aliazima kitabu chake mwenyewe, cha watu wazima.

"Mama, mbona hakina picha?" Beata aliuliza walipofika nyumbani. "Utakiweza?"

"Sijui," alisema Kunigunda, akakunjua mkeka. "Kaa hapa karibu nami." Kisha akafunua ukurasa wa kwanza.