Sauti ya Ngassa Ndani ya Rekodi

"Huu ni utafiti wangu wa mwaka mzima," Vedasto akasema.

Jamani... wangu MIMI!

Nilikuwa jikoni kwangu Ipuli, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, mwanangu mchanga Ngassa mgongoni, dada yake Kabula ananivuta kanga anataka uji. Corona imefunga chuo, imefunga shule, mkutano uko mtandaoni. Mimi Eustadia, mhadhiri msaidizi, nimekuwa mwalimu wa chekechea, mpishi na yaya kwa mshahara uleule.

Vedasto tunakaa naye ofisi moja. Hana mke, hana mtoto, hana hata kuku.

Shule zilipofungwa aliniambia, "Dada, wewe lea. Nitumie rekodi zako za mahojiano nikusaidie kupanga. Ila futa hivyo vilio vya mtoto, vinatutia aibu."

Nikamtumia moja. Kufuta? Muda niutoe wapi!

Sasa ndiye huyo, anajinadi mbele ya Profesa wa Ulaya mwenye mradi. Atakayechaguliwa anakwenda kusomea shahada ya uzamivu kwake. Mimi Profesa ananiita "msaidizi wetu wa huko". Jina langu hajawahi kulitamka!

"Sikilizeni," Vedasto akasema, "hapa namhoji Bibi Siwema wa Kwihara, mjukuu wa mpagazi wa misafara ya pembe za ndovu."

Akabonyeza.

"Ngaaaaa!"

Kisha Bibi: "Mnyonyeshe kwanza huyo! Wapagazi wenyewe walishakufa, hawaendi popote."



Mkuu wetu wa idara, Dokta Lugembe, akavua miwani.

"Vedasto... ulikuwa unanyonyesha?"

Nilicheka mpaka Ngassa akaamka! Nikawasha maiki.

"Shikamoo Dokta. Huyo mtoto ninaye hapa mgongoni."

"Marahaba, Mama Ngassa. Tumeelewa."

Nikajua nimeshinda. Wee!

Profesa akakohoa. "Sawa, kazi ni ya msaidizi wetu wa huko. Lakini ana watoto wadogo... Tunaona Vedasto ndiye aje. Yeye atusaidie akiwa hukohuko."

"Profesa, wewe una watoto?" nikamuuliza.

"Watatu."

"Wako na nani sasa hivi?"

Nyuma yake mkono wa mwanamke ukafunga mlango, taratibu.

Na Vedasto akapewa nafasi! Mnashangaa? Mimi nilichoka tu. Nikakoroga uji.

Juzi kanipigia, kapoa kama maji ya mtungi.

"Dada Eustadia, naomba zile rekodi nyingine. Nimeenda Kwihara, Bibi kagoma kuongea."

"Kasemaje?"

"Kauliza... mtoto yuko wapi."

"Basi zaa kwanza, kaka."

Nikakata.

Rekodi sitoi. Naandika mwenyewe, kwa mkono mmoja, mwingine una Ngassa. Itachelewa, najua. Ila juu litakaa jina langu.

Dada zangu, kazi yako usimpe mtu akupangie. Na mtoto akilia ndani yake... usifute.